Nyuma ya Kadi

Benki haibipiwi.
Hilo nililijulia Barnsley, mwezi wa pili,
nimesimama jikoni na koti la kazini,
simu begani, shingo imepinda kama mkono wa kikombe,
nikiulizia pauni mbili na peni themanini
walizonikata bila kunambia.

Kwetu Muheza simu ina adabu zake.
Unabipu mara moja: nimefika salama.
Unabipu mara mbili: nipigie, sina salio,
na mwenye nacho hupiga.
Hapa mwenye nacho ana muziki.
Zeze na kinanda, kinanda na zeze,
kisha sauti ya mwanamke asiyepumua:
Simu yako ni muhimu kwetu.
Muhimu, peni arobaini na tano kila dakika.

Nikabonyeza moja. Nikabonyeza tatu.
Nikabonyeza alama ya reli.
Nikaitaja tarehe niliyozaliwa, ambayo mama mwenyewe
huitaja kwa mvua tu, mwaka ule daraja lilipokwenda na maji.
Sauti ikasema haikunisikia vizuri.
Dakika ya kumi na tisa akaja mtu,
kijana, Callum, sauti ya mtoto wa watu,
akaniuliza hali,
na vocha ikaisha.

Nilipiga hesabu juu ya bahasha ya gesi.
Kudai pauni mbili na themanini
nimetumia nane na hamsini na tano.
Bandu bandu, na gogo ni langu,
na shoka nimelishika mwenyewe.

Bi Maureen Ogley wa mlango wa pili
alikuwa opereta wa simu enzi za waya na matundu,
akiunganisha watu waliogombana, waliofiwa, waliokosea nambari.
Alikuja kunirudishia bakuli la mbaazi.
Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniomba kadi.
Akaigeuza, akaipeleka dirishani.
"Mwanahamisi," akasema
(jina langu kwake ni treni inayosimama kila kituo),
"hebu soma hapa."

Chini ya ule mstari mweusi, chini ya saini iliyofutika,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Ukiwa nje ya nchi, piga nambari hii.
Nambari ya kawaida tu, ya mji fulani,
ambayo dakika zangu za mwezi huimeza bila nyongeza.
"Inalia kwenye meza ileile," akasema.
"Mlango wa mbele wanatoza. Wa uani wamesahau kuufunga."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Ukiwa nje ya nchi!
Miaka kumi na moja niko nje ya nchi.
Niko nje ya nchi kituo cha basi, soksi zimelowa,
niko nje ya nchi ghalani saa tisa za usiku
nikibandika lebo kwenye viatu vya watu,
na hakuna hata siku moja
nilipopewa punguzo kwa hilo.

Kesho yake nikapiga.
Zeze lilelile. Nikaiweka simu mezani, nikamenya viazi,
nikamwacha yule asiyepumua aniite muhimu
mpaka aamini mwenyewe.
Akaja msichana: "Unapiga kutoka nchi gani?"
Nikatazama nje. Mvua. Paka wa Bi Maureen
juu ya pipa la taka, amejikunja kama kilemba.
Nikakawia kujibu,
na kukawia kule
hakukuwa na bei.

Pauni mbili na themanini zilirudi Jumatano.
Zile nane hazina wa kumdai.

Bi Maureen nimemfundisha kubipu.
Kila usiku saa tatu simu yangu inalia mara moja, inakata.
Maana yake: nimekunywa dawa, mlango nimefunga,
usipige.