Imechuma

Mashine ya kuvuna ina sauti mbili:
ikiwa mbali ni nyuki, ikigeuka ni ng'ombe.
Tangu alfajiri nasoma saa kwa hizo.
Kuzunguka shamba zima ni dakika arobaini,
na Kou, dereva wa kukodi kutoka Henan,
analipwa kwa shamba, si kwa saa:
atazima injini mara moja tu, ale, aondoke.
Redio imeitaja theluji. Kesho kutwa.

Basi, unga bakuli nne, maji baridi,
chumvi ya kubana kwa vidole.
Nakanda nikiwa na gambuti miguuni.
Donge nalifunika lipumzike,
kitu cha kwanza kupumzika nyumbani humu tangu Septemba.

Nyama? Nani ana muda wa kukatakata nyama.
Nakimbilia nyuma ya banda la bata:
vitunguu majani vya mwisho, ncha zimeng'atwa na jalidi,
mayai sita, moja lingali na joto la kuku.
Nakaanga, navuruga, nachanganya.
Mafuta kwanza. Chumvi mwisho kabisa:
ukiiwahisha, mboga italia,
na machozi yake yatatoboa unga.
Hilo nilifundishwa kwa ukali, mwaka wa kwanza wa ndoa,
mimi wa Guangxi, binti wa watu wa wali,
niliyekuwa sijui kufunga hata jiaozi moja
isifumuke majini.

Mwalimu mwenyewe ameketi juu ya kitanda cha matofali
chenye moto chini yake. Mama Guirong.
Mkono wa kulia ulilala Machi, kwa kiharusi.
Jicho halikulala.
Yeye alisukuma viduara kimoja kimoja,
katikati kinene, ukingoni chembamba kama sikio la paka.
Mimi nasukuma shuka moja la unga, meza nzima,
nageuza glasi ya bia, nakata:
kop, kop, kop.
Nasikia anavyovuta pumzi. Ni tusi lisilo na neno.
"Mama," nasema, "ng'ombe ameshalia."

Xiaoman, miaka sita, anajaza kijiko kijiko
na kila kimoja anakizidishia, kwa huruma.
Nabana kwa vidole gumba viwili, pigo moja,
naziketisha kwenye ungo
matumbo mbele, kama wakaguzi wa nafaka.
Sufuria inachemka. Zinazama, zinaibuka.
Kikombe cha maji baridi. Zichemke tena.
Kikombe cha pili. Cha tatu.

Dianfu anaingia na simu bado sikioni.
"Bei imeshuka tena," anaviambia viatu vyake.
Nyuma yake Kou, nyusi zimejaa makapi ya mahindi.
Hakuna anayejibu.
Na hapo jiaozi moja, ya huruma ya Xiaoman,
inafunguka, mayai yanaelea juu kama maua.
"Imepasu—"
Paa! Mkono wa kushoto wa Guirong umepiga tofali.

Penye sufuria neno hilo halitamkwi. Nilisahau.
Ni mwiko wa Mwaka Mpya, lakini kwake
mwaka huwa mpya kila maji yanapochemka.
Wajibu wako ni kusema: imechuma.
"Imechuma!" anapaza Xiaoman, amepanda kigoda.
"Na ile! Na ile pale imechuma!"
Dianfu anaangalia sufuria, anaangalia simu.
"Haya," anasema. "Angalau sufuria imepata mavuno."

Kou alikula thelathini na moja, wima,
kwa siki na kitunguu saumu kibichi,
akaomba yale maji yaliyochemshia, akanywa bakuli zima,
akajifuta kwa kofia, akatoka.

Mama Guirong alikula nne kwa mkono wa kushoto.
Ya tano aliigeuza, akaukagua ukingo wake
kama mtu anayesoma barua ya deni,
akaisukuma upande wangu.

Nyuki alikuwa ameshaanza.
Nikaila nikivaa glavu.
Kweli. Chumvi ilipungua.