Chokaa Haishuki

Ng'oa taratibu, aliniambia Semkiwa,
mzizi ukikatika, hesabu imepotea.
Nikapiga magoti kwenye mstari wa tatu,
udongo mwekundu wa Muheza chini ya kucha,
nikautoa mkaranga mzima,
siku ya themanini, ua la mwisho bado njano,
na vile vikonyo vyembamba
vinavyoinama, vikatoboa ardhi,
vikaenda kuzaa gizani.

Huchanua juani, huzaa chini.
Sijui mmea mwingine wenye haya kama huu.

Tuliugawa kama mbuzi wa akika,
kiungo kwa kiungo, bila kuvunja mfupa:
majani mfuko huu, shina ule,
mizizi na vinundu vyake, maganda, punje.
Majina tuliandika kwa penseli
kwa sababu wino hukimbia jasho.
Tukakausha, tukasaga, tukachoma
mpaka majivu yakaanza kusema
nani kala nini.

Naitrojeni ni msafiri: jana jani, leo punje.
Fosforasi vilevile, haina kwao.
Potasiamu huhama jani zee bila kuaga,
likabaki na pindo la manjano
kama kanga iliyofuliwa mno.
Lakini kalsiamu
hupanda na maji, hufika jani, hukaa.

Nilipima mara mbili nikidhani mizani ina wazimu.
Majani yameshiba. Punje, karibu na bure.
Semkiwa akacheka:
"Hiyo haishuki, binti.
Hapo mama hana la kumpa mtoto.
Mtoto hula mwenyewe, kwa ngozi yake,
kwenye udongo alioukalia."

Usiku ule nilihesabu mabati.
Nilikumbuka shamba letu la Kwamsisi,
mwaka ambao mikaranga ilisimama kijani
hata wapita njia wakasifu,
na mama yangu, Mwanamkuu Mgaza,
akavuna magunia matatu ya maganda.
Tukabonyeza moja moja:
po.
Po.
Hewa.
Shangazi akasema ni jicho.
Mwaka uliofuata mama akapalilia mara nne
badala ya mbili.

Maua ya kwanza ya msimu huu yalinikuta kwetu
na kilo kumi za jasi kwenye ndoo ya rangi.
Tulinyunyiza shinani, si juu ya majani,
palepale vikonyo vitakapozama.
Mama akachota kidogo, akaonja
kwa ncha ya ulimi, akatema.
"Hii ndiyo niliyokuwa siwapi?"

Nikasema, hukuwa na njia ya kuwapa.
Nikaanza kueleza habari za maji na mishipa,
jinsi punje iliyofukiwa haitoi jasho,
na kisichotoa jasho hakivutii kitu kutoka juu.
Nilisema mengi, kama mtu wa mkutanoni.

Akanitazama kitambo.
Tulizaliwa sita. Siku hizi
anayekuja ni mimi.
Akapangusa mikono kwenye kanga,
akainama tena, mstari wa nne, wa tano,
akimwaga kidogo kidogo kwa vidole vitatu
kama anayetia chumvi chungu cha watu wengi.

Nami nyuma yake na ndoo,
nyeupe ndani, nyepesi.