Kabla Halijazama

Watoto wamelipa. Bei hawakuitaja,
nami sikuuliza, ingawa kichwani
nilikwisha kuigeuza magunia ya mpunga
tangu tulipovalishwa yale majaketi ya rangi ya chungwa
yanayonuka mvua ya juzi.

Miaka arobaini ya ndoa, anatangaza Nkwimba kwa kipaza sauti,
na watu wa meza ya pili, tusiowajua, wanapiga makofi.
Bulugu naye anapiga makofi.
Hajui ni ya nani.

Miaka thelathini na mmoja aliishi tumboni mwa kivuko,
chini kule, kati ya joto na grisi,
akienda Kamanga na kurudi bila kuyaona maji.
Abiria walitazama jua; yeye alitazama geji.
Masikio yake aliyaacha kazini kidogo kidogo,
leo kipande, kesho kipande,
hadi asubuhi moja nikamwita uani mara tatu
kama mtu anayeliita shati lililoanikwa kambani.

Tangu hapo ananisikia kwa macho.
Huutazama mdomo wangu kama asomaye karatasi ya mkopo,
neno kwa neno, asije akaibiwa.
Ndiyo maana sisi hugombana mchana.
Umeme ukikatika, ugomvi nao hulala.

Boti inaliacha Jiwe la Bismarck,
na yangeyange juu yake kama unga uliomwagika.
Nyumba za Igogo zimeparamia mawe, zimeng'ang'ana.
Sato analetwa mzima, macho wazi, limau kinywani,
naye kama kaalikwa.
Bulugu hali. Amevua viatu chini ya meza,
nyayo kaziweka sakafuni, anasikiliza.
"Silinda nne!" ananiambia,
kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Ya tatu inasita!"
Meza ya pili inageuka.
Na mimi nimekaa saa sita nikisukwa kwa ajili ya leo.

Ndipo ninaliona jua.
Limebakiza kidole kimoja juu ya vilima vya ng'ambo,
nami nahesabu jambo ambalo watoto hawakulihesabu:
likizama lile, mume wangu anaondoka.
Atabaki hapa na sahani yake na tabasamu la kistaarabu,
lakini taa za boti hii ni za harusi, nyekundu, buluu, za kukonyeza,
mdomo chini yake hausomeki.

Basi nahama kiti.
Mbele ya wakwe, mbele ya kijana mwenye sinia la soda,
nakaa palipo na mwanga, jua linipige usoni,
nami nasema, polepole, bila kupaza:

Ule usiku wa dhoruba, kivuko kilipolala ng'ambo,
nilifungasha begi. Nililisukuma chini ya kitanda.
Niliapa ukirudi nitakwenda kwetu Magu,
nisije nikawa mjane wa ziwa.
Alfajiri ukaingia, umelowa, unatetemeka.
Nikakukorogea uji.
Begi nikalifungua wiki iliyofuata, ulipokuwa zamu.
Sikukuambia.

Anasoma. Hatikisi kope. Anasoma hadi mwisho,
na pale nilipokwisha bado anatazama,
kama kuna mstari mwingine.

"Nililiona lile begi!" anasema,
na boti nzima inasikia, hadi nahodha.
"Kila siku nikirudi nilichungulia kama lipo!"

Nkwimba anashusha kipaza sauti.
Keki inasimama njiani, mishumaa yake inapepesuka.

Jua linakwenda. Hatuliangalii.
Mdomo wangu unaanza kuwa giza, namwona anaupoteza,
basi anainama, mzee mwenye mgongo mbovu,
anachomoa kiatu changu kipya, kile cha kubana,
anaushika wayo wangu, anaulaza sakafuni
kando ya wake. Anaukandamiza.
Anainua vidole vitatu.

Nasubiri. Mbao zina joto.
Halafu inapanda mguuni, hadi gotini, naijua:
moja, mbili,
kimya,
nne.