Dakika Tatu Mbele ya Kamati

Jina, mmesema, kisha kitambulisho, kisha maoni.
Naitwa Nekesa Wabwire. Nashona sare za shule
nyuma ya ukumbi huu huu, hapa Kaloleni,
mlango wenye pazia la kijani.
Kitambulisho mnacho. Maoni ndiyo haya.

Mnauliza Rais achaguliwe na nani.
Na sisi, kama sasa, foleni tangu alfajiri
na kidole kuchovywa wino?
Au na wajumbe, watu mia tatu na ushei,
waingie ndani kwa niaba yetu
watoke na jina?

Mimi nimewahi kuwa mjumbe.
Msicheke. Si wa Bunge, wa maji.
Chama cha maji cha mtaa kina safu kumi na moja za nyumba,
kila safu mjumbe mmoja,
na wajumbe ndio wanaomchagua mwenyekiti,
kwa sababu mwaka tulioanza
ukumbi ulikuwa na viti arobaini,
na vya kukodi ni pesa.
Falsafa yote ilikuwa hiyo. Viti.

Safu yangu ilinituma na jina la Akumu Rading'.
Walilitaja mlango kwa mlango,
hata bibi Wanza, masikio yamemchoka,
alilipaza mpaka kuku wakaruka.
Nikalibeba kama yai.

Ndani kulikuwa na chai ya maziwa, mandazi ya moto.
Mtu akaniinamia:
Mama, safu yako iko mwisho wa bomba.
Mwisho wa bomba maji hufika kwa hisani.

Niliponyanyua mkono
haukuwa wa Akumu.

Maji yalikuja, sikatai.
Yalikuja wiki tatu.

Mjumbe hauawi, walisema wahenga,
nami nikajikunyata chini ya methali ile
kama mtu chini ya baraza la duka mvua ikinyesha.
Lakini wahenga walimkinga aletaye neno alilotumwa.
Aliyepeleka lake
hawakumtaja.

Basi mtasema mama huyu hataki wajumbe.
Ngoja, karani. Usiandike bado.

Jirani yangu Talaso Guracha, wa Marsabit, huniambia:
Nyinyi mkipiga wenyewe, wagombea huhesabu vichwa,
na kwetu vichwa ni haba.
Helikopta zao twazijua matumbo tu.
Nikamwambia, si kuna ile robo ya kura
katika kaunti ishirini na nne?
Akasema, ishirini na nne wanazipata bila sisi.
Mpe mjumbe wetu uzito sawa na wa Nairobi
uone kama haitatua.
Nilikuwa na pini mdomoni.
Hata nisingekuwa nazo, nisingekuwa na jibu.

Na mwaka ule tulipopiga wenyewe, kila mtu na wino wake,
nilishona gizani siku kumi.
Wanangu niliwafunza jina moja tu la kujibu mlangoni,
lile la ubatizo.

Najua mnangoja fundi aseme habari ya kiraka.
Sisemi. Nchi si kaptura.

Ila mkituwekea wajumbe, andikeni hivi:
mjumbe arudi usiku uleule kwa waliomtuma,
taa iwake,
aseme mkono wake ulikwenda kwa nani.
Ningejua nitarudi hivyo
chai ile ingenikwama kooni.

Na mkiniuliza mimi, Nekesa, moyoni?
Nakipenda kidole hiki kikiwa na wino.
Hukaa wiki mbili, hata nikifua.
Shati jeupe nalishika kwa hadhari,
na hadhari ile naipenda pia.

Nasikia kengele. Namalizia.

Akumu Rading' ameketi mstari wa tatu,
kile kilemba cha zambarau.
Miaka tisa anadhani safu yangu ilimkataa,
akipita kwetu hasalimii,
na bibi Wanza amekufa akijiuliza amemkosea nini.
Hakuwa akijua.
Sasa anajua.

Karani,
hilo liandike.