Chenji Sina

Saa kumi na moja alfajiri, Isyonje haipo.
Kilichopo ni weupe tu, kama uji uliomwagika
ukatambaa hadi kizingitini kwangu.
Maji ya beseni yameota ngozi;
nikiigusa kwa kijiko, inavunjika kama kioo cha saa.

Nafungua.
Si ushujaa. Mkaa ulishanunuliwa,
unga wa maandazi ulilala chini ya blanketi langu
(mimi nikajifunika kanga mbili),
na unga ulioumuka hausikilizi habari za ukungu.

Hata wenzangu wanafungua.
Subilaga wa duka la dawa anashuka kwenye bodaboda,
magazeti yamejaa ndani ya koti,
habari za wiki iliyopita zikimkinga kifua.
Akichelewa dakika kumi, anakatwa elfu mbili.
Kufuli limegoma. Analipulizia pumzi
kama anayempoza mtoto kidole.
Nani atanunua dawa ya minyoo saa hizi?
Lakini tajiri wake yuko Dar, anauliza kwenye simu:
"Baridi gani hiyo ya kufunga duka?"
Nyuma ya sauti yake, feni inazunguka.

Halafu Fuso.
Haionekani, inasikika kwanza,
ikikohoa gia ya kwanza kutoka njia ya Kitulo,
na mbele yake anatembea mtu.
Ndiyo, anatembea: Lugano, utingo,
tochi mkononi, kitambaa chekundu mgongoni,
anaionyesha njia
kama mjukuu na bibi asiyeona.
Kona kumi na tisa kwa miguu. Nimemuuliza. Alizihesabu.

Juu ya gari viazi, lumbesa tupu,
juu ya viazi turubai, juu ya turubai jalidi.
Dereva, Anyelwisye, anashuka vidole havikunjiki,
anapokea kikombe kwa viganja viwili
kama yuko mezani pa Bwana.
Simu inaita.
"Ndiyo bosi. Hapana bosi. Naona, naona vizuri."
Anasema hivyo
huku akitazama dirisha lisilo na kitu.

Mimi naijua kona ya mikaratusi.
Mwaka juzi, kipupwe kama hiki,
nilimuuzia mtu chapati mbili.
Alinilipa haraka, nikamrudishia haraka,
chenji kamili, hadi ile hamsini,
nikajisifu moyoni kwa wepesi wangu.
Saa moja baadaye
watu walikuja kuniazima shuka.

Tangu siku hiyo najiuliza, na jibu silipati:
nafungua kwa kuwa wanapita,
au wanapita kwa kuwa nimefungua?
Taa yangu inawaambia nini kule juu?
Pumzika?
Au twende, mbona wengine wako kazini?

Anyelwisye ananyanyuka. Noti ya elfu kumi, imelowa.
Deni lao elfu moja na mia nane.

"Chenji sina," namwambia.
"Ngoja kidogo, mtoto aende kwa Subilaga."
Mtoto namtuma kwa mdomo,
kwa jicho namwambia asikimbie.
Anarudi: Subilaga naye hana.
(Subilaga, Mungu akuzidishie.)
Anatumwa kwa fundi viatu.
Fundi viatu kasema asubiriwe aamke vizuri.

Dereva anasonya. Anachungulia nje, anasonya tena,
anakaa. "Basi niongeze chai. Hiyo nayo ukate humo humo."
Lugano keshalala, shavu juu ya meza,
tochi bado inawaka mkononi, inaimulika sukari.

Nje, ng'ombe wa mtu anatokea kwa mafungu:
pembe, kisha shingo, kisha kamba isiyo na mwenyewe.
Halafu nguzo ya umeme.
Halafu nguzo ya pili.

Ya tatu bado.

Naisukuma droo kwa goti,
taratibu,
sarafu zisilie.