Sekunde Thelathini, Urambo

Saa nne asubuhi, siku ya soko,
na kompyuta ya mizani imeganda.
Marobota yamepangwa hadi barabarani,
harufu ya tumbaku imeingia mpaka kwenye nywele zangu,
na Lubinza, karani, anabonyeza kitufe kilekile
kama mtu anayebisha nyumba yenye kufuli nje.

"Acha," namwambia. "Amri moja inatosha.
Ukituma kumi, foleni ni yako mwenyewe."

Chini ya meza diski inakwaruza:
kwa, kwa, kimya,
kwa.
Inatafuta uzito wa robota la Kalunde Mihambo
pale ilipouandika jana, na haipaoni.

Kati yake na sisi yupo dereva.
Hana usukani, hana honi.
Kazi yake kupeleka amri, kuipa namba,
na kuanza kuhesabu.
Thelathini. Mtu fulani asiyewahi kukanyaga Urambo
aliamua thelathini zinatosha kumngoja yeyote.

Zikiisha, hapigi kelele.
Anatuma neno lifuate neno: ile niliyokutuma, iache.
Asipojibiwa, anaitikisa diski yenyewe: sahau yote, anza upya.
Asipojibiwa tena, anazima njia nzima na kuiwasha,
na waliokuwa wakipita humo kwa amani
nao wanarudishwa mwanzo.
Mwisho, kwenye daftari lake, mstari mfupi:
haipo.

Miaka mingi niliona huo ni ukatili.
Kwani angesubiri tu angepungukiwa nini?
Sisi watoto wa reli tumelelewa na kusubiri.

Fundi Kapela, kule Tabora mjini,
alinicheka huku akifunga skrubu kwa kucha.
Kimya hakiui, alisema. Kinachoua ni jibu lililochelewa.
Abiria wa kiti cha kumi na nne hakutokea,
kiti kikapewa mama mwenye mtoto mchanga.
Usiku, Kaliua, mwenyewe anapanda gizani
na gunia lake begani,
analitua palepale bila kutazama.

Ndivyo kilo za Kalunde zingetua
kwenye jina la mtu mwingine,
na wote wawili wangeapa wanasema kweli.

Kwa hiyo anafuta kwanza.
Hampi mtu namba ya amri
kabla hajajua kwamba amri ile imekufa.

"Itajibu?" Kalunde anauliza.
"Bado kumi na moja."
Anazihesabu kwa Kinyamwezi, midomo ikicheza,
anafika kumi na moja, anapitiliza, anaacha.
"Niandikie kwenye karatasi, mwanangu.
Karatasi haijawahi kuniambia nisubiri."

Lubinza anafuta kalamu ya wino kwenye suruali,
wanaume wawili wanalipandisha robota kwenye mizani ya zamani,
ile ya chuma, yenye kutu shingoni.

Sabini na mbili.

Chini ya meza, kwa.
Hakuna aliyegeuka.