Dakika Arobaini

Kibao kimeandikwa kwa rangi ya njano:
njia rahisi, dakika arobaini.
Mama akakisoma kama mtu asomaye bei ya nyama,
akaipapasa nyonga yake mpya, ya chuma, ya miezi mitano.
"Arobaini za nani?" akauliza.

Tukaingia msitu wa Rodopi.
Misonobari imesimama bega kwa bega
kama watu wanaosubiri benki ifunguliwe,
na chini yake sindano kavu, zulia zito
lenye rangi ya chai iliyolala.
Nyayo hazitoi sauti. Gongo lake tu: ko.
Ko.

Miaka sabini na miwili amekaa mjini hapo chini,
mtaa wa nne kutoka stesheni,
na maji ya mlima huu ameyajua kwa bomba.
"Jumapili tulifua," alisema.
Hakuongeza neno.

Benchi la kwanza: tulikula nusu ya mkate wa jibini.
Benchi la pili: akavua kiatu, akatoa kijiwe,
akakichunguza, akakitia mfukoni.
Benchi la tatu lilikuwa limeoza, likatukataa.
Mtoto mwenye buti nyekundu alitupita mbio,
akafika, akarudi, akatukuta palepale.
"Baba, hawa ndio wanaishi hapa?"
Mama akacheka mpaka akashika mti.

Mimi nilikuwa nahesabu. Nakiri.
Saa yangu niliitazama kwa kujificha
kama mvuta sigara kanisani.
Daraja la mbao, na jingine, na jingine,
kila mara mto uleule, umehamia mkono wa pili.
Uyoga aliutaja kwa sifa zake:
huu wa supu, huu wa mazishi.

Kisha hewa ikawa baridi ghafla,
mlango wa ghala umefunguliwa mahali fulani.

Si makubwa, maporomoko yale. Niseme kweli.
Ghorofa tatu, labda,
uzi mweupe juu ya mwamba mweusi
ambao kwenye kadi za posta wameunenepesha.
Nilitaka kumwomba radhi.

Wengine maji huyavulia nguo.
Mama aliyavulia sikio:
akachomoa kile kifaa kidogo chenye rangi ya ngozi,
akakifunga katika leso, akanikabidhi.
Akasogea. Akaweka kiganja mwambani.
Akafumba macho.
"Kumbe," alisema, "kiwandani."

Miaka thelathini na mmoja alifuma nguo,
mitambo mia mbili ikipiga kwa pamoja,
ikamla sikio la kushoto lote, la kulia nusu.
Mle ndani hakuna aliyepaza sauti; ingekwenda wapi?
Walisemezana kwa midomo.
Rayna wa mtambo wa kumi
alimpa habari ya mimba yake toka ng'ambo ya ukumbi,
na meneja akapita katikati ya siri ile
asiambulie kitu.

Sasa, manyunyu yakimlowesha nyusi,
alinigeukia akaanza kusema.
Hakutoa sauti. Midomo ilikwenda
polepole, waziwazi,
kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.
Sentensi ndefu. Jina langu lilikuwamo,
hilo nililidaka: Ognyan.
Mengine yaliporomoka na maji.

"Nini, Mama?" nilipiga kelele.
Akanitazama kwa huruma,
kama mwenyeji amtazamavyo mgeni asiyejua lugha,
akaokota gongo.

Kushuka kulituchukua saa nzima na robo.
Penye kibao cha njano alinidai sikio lake,
akalivaa, akalisikia basi kabla yangu.

Sikuuliza tena.
Ila asubuhi, ninaponyoa ndevu,
hufungua mdomo mbele ya kioo, nikaufunga,
nikaufungua,
nikitafuta umbo la sentensi ile,
bomba likiwa wazi.